Kazi Yenye Kumbukumbu na Namna ya Kuitambua

Anayetaka kujifunza kupima kazi ya sanaa iliyotoka kwenye kumbukumbu za mtu, namshauri aanze na mwana hiti. Ni sanamu ndogo ya Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa Kisarawe na bonde la Ruvu, ambayo mwali alikabidhiwa akiwa ndani. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto wake hadi siku ya kutolewa. Wapo waliochongwa kwa mti, wapo waliotengenezwa kwa kibuyu.

Tazama umbo kwanza. Mwana hiti hana mikono wala miguu. Kiwiliwili ni cha mviringo, juu yake shingo na kichwa chenye nywele zilizogawanywa mafungu mawili, na mbele matiti madogo na kitovu. Mchongaji hodari anaishia hapo. Asiyejiamini huona mti bado mtupu, akaongeza macho makubwa na meno, na mara nyingi sanamu za namna hiyo ndizo zinazouzwa kwa watalii.

Kisha mshike. Mafuta na viganja hung'arisha sehemu zilizojitokeza: kifua, kitovu, ukingo wa nywele. Chini ya kidevu na kwenye mikunjo hubaki utando wa mafuta yaliyoganda. Ukikuta weusi ulio sawa kila mahali, hadi ndani ya alama za patasi, mnuse. Rangi ya viatu haifichiki. Muuzaji akiapa kwamba ni mpingo, omba ndoo ya maji, maana mpingo huzama. Ila mpingo wenyewe hauongezi ubora. Wapo wazuri sana wa miti mingine.

Ule mng'ao ni nusu ya kazi, na hakuufanya mchongaji. Sanamu moja ya mti iliweza kupita kwa wali kadhaa wa ukoo, kila mmoja akaacha mkono wake. Nyingi zilichukuliwa zama za Wajerumani, zikaishia kwenye makumbusho ya Ulaya, na mara nyingi kibandiko hutaja kabila tu, bila mchongaji wala mwali.

Kwenye uchoraji hakuna mng'ao wa viganja, kwa hiyo jicho lifanye kazi zaidi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alifundishwa Makerere na Margaret Trowell, ambaye aliwasimulia wanafunzi kisa kisha wakachora walichokiona kichwani. Mwaka 1956 Ntiro alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikaingia kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Anayempima Ntiro kwa usahihi wa mikono na miguu ya watu atamwonea. Pima kilichosisitizwa: watu walivyo wengi pamoja, na shughuli waliyoishika.

Kipimo hicho hicho kitumie kwa kijana anayeuza picha Mlandizi au Kisarawe mjini. Twiga na jua linalozama havinisumbui, ila mtu yeyote anaweza kuvichora bila kuishi popote. Natafuta mto Ruvu wenye rangi ya tope, kwa sababu wakati wa masika hivyo ndivyo ulivyo. Natafuta baiskeli ya mkaa inayokwenda Dar es Salaam, gunia limejazwa kupita mdomo na kufunikwa nyasi zilizofumwa kwa kamba, na mwendeshaji ameshuka anasukuma kwenye mlima. Aliyesukuma, au aliyemsubiri baba yake akisukuma, hawezi kusahau zile nyasi.

Usimuulize mchoraji picha ina maana gani, utapewa hotuba. Muulize kilichobaki nje ya picha: jiko lilikuwa upande gani, nani alikuwa amesimama pale ilipoishia. Mwenye kumbukumbu hujibu haraka, tena hukuongezea ugomvi wa jirani. Mkishapatana bei, mwombe aandike nyuma ya picha jina lake, kijiji na mwaka, kwa kalamu isiyofutika.