"Kaza mpaka igome": sentensi inayoharibu krenki

Kuna sentensi utakayoisikia karibu kila gereji, iwe Kasulu mjini, Kibondo au chini ya mwembe kule Kitahana: "Kaza mpaka igome." Leo tuikosoe pamoja. Si kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Fundi anayerudisha Hiace barabarani kwa spana nne na kipande cha bomba anajua mengi ambayo sisi wa maabara hatuyajui. Ila kwenye bolti ya puli ya krenki, sentensi hiyo inaficha jambo lenyewe.

Krenki ni mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Mbele, kwenye pua yake, kuna puli inayovuta mikanda ya wota pampu na alteneta. Kwenye injini za dizeli za Toyota kama 2L na 3L, zilizomo kwenye Hiace na Hilux nyingi za zamani, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Kwa hiyo puli ikiachia, hukosi chaji tu. Injini inachemka, na pedali ya breki inakuwa ngumu wakati unateremka mlima na abiria wamejaa.

Kosa la kwanza ni kupima kwa sikio peke yake. Puli iliyolegea hugonga, tena sana injini ikiwa sailensa. Mtu akisikia "inagonga" anawaza beringi, na mwenye gari anaambiwa injini ifunguliwe. Subiri kwanza! Zima injini, toa mikanda, shika puli kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza juu na chini, au ikizunguka kidogo bila krenki kuifuata, umempata mwizi. Tazama pia unga mwekundu kama kutu kuzunguka bolti: huo ni chuma kilichosagana na chuma. Na kama puli ni ya vipande viwili vyenye mpira katikati, chora mstari wa chaki kutoka kitovuni hadi ukingoni, rudisha mikanda, washa gari dakika chache, kisha uzime na utazame. Mstari ukiwa umeachana, mpira ndio umekufa. Bolti haina kosa.

Kosa la pili ni kuisingizia barabara. "Si unaona makorongo ya huku?" Sawa, lakini kama barabara ndiyo mkosaji, mradi wa lami wa Kabingo hadi Manyovu, karibu kilomita 260, ungetibu tatizo hili wenyewe. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza bolti zaidi ni vitu vilivyobanwa kuteleza kidogo kidogo kwa upande. Na kinachosukuma puli iteleze kimo ndani ya injini. Injini ya pistoni nne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hulipuka mara 80 kila sekunde, na kila mlipuko unaipa krenki msukosuko. Safari ya saa tatu ni misukosuko zaidi ya 860,000. Mazda MX-5 za mwanzo, magari madogo ya lami kabisa, zilisumbuliwa na ugonjwa huu huu. Pua ya krenki yake ilikuwa fupi, bolti ikilegea kii inatafuna mfereji wake. Mazda ikaja kurefusha pua.

Hapo tunafika kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo kubwa: kudhani kwamba kii ndiyo inayobeba mzigo. Hapana. Kazi kubwa ya kii ni kuonyesha puli ikae wapi. Mzigo unabebwa na msuguano, na msuguano unaletwa na bolti iliyovutika kama mpira na kubana. Chukua mfano wa bolti ya milimita 20 iliyokazwa kwa nyutoni-mita 200. Kwa hesabu ya kawaida inabana kwa nguvu ya karibu nyutoni 50,000, yaani uzito wa tani tano. Ukikaza nusu, unapata nusu. Uzi ukiwa na kutu au mchanga, bolti "itagoma" mapema na wewe utaridhika, kumbe haijabana chochote.

Sasa unaona kwa nini kipande cha kopo la soda kilichopachikwa pembeni ya kii hakidumu: kinaziba nafasi, hakibani. Kuchomelea ni kubaya zaidi. Joto linaunguza oili sili, na siku ya kubadilisha mkanda wa taimingi utalazimika kukata. Matengenezo ya kweli ni kukagua pua, mfereji na tundu la puli, kuweka bolti na kii mpya, na puli mpya kama tundu limepanuka. Safisha uzi, kisha kaza kwa namba ya kitabu cha injini yako. Mfereji ukiwa umeliwa sana, krenki iende kwa fundi mchongaji.

"Toki renchi hatuna." Haya, dumu la lita 20 lipo? Maji yake yana uzito wa kilo 20. Lining'inize kwenye bomba lililolala sawasawa, mita moja kutoka katikati ya bolti, huku krenki imezuiwa isizunguke: umepata karibu nyutoni-mita 196. Ongeza kidogo kwa uzito wa bomba na wa dumu lenyewe. Ukitaka pungufu, sogeza dumu ndani. Ukitaka zaidi, lisogeze nje. Sio kamili, lakini ni kipimo, na kugoma sio kipimo.

Lawama nyingine inarudi kwetu tuliosoma. Vitabu vya injini vinatoa namba bila kusema namba hiyo inafanya nini, na sisi darasani tunakokotoa nguvu za bolti ambazo hatujawahi kuzishika. Fundi akiambiwa "200" tu, ana haki ya kupuuza. Mwambie ni tani tano zinazoshikilia breki za abiria wake, uone kama hataenda kutafuta dumu.