Kitendawili Kilichokwisha Teguliwa: Kuirejelea Michezo ya Kubofya

Ni kawaida katika uhakiki wa fasihi kudai kwamba kazi bora ni ile inayostahimili kurejelewa. Msomaji anayeirudia riwaya huku akiujua mwisho wake huachana na swali la nini kitatokea, akaanza kuuliza kwa nini kisa kimesimuliwa jinsi kilivyosimuliwa. Kigezo hiki hukabiliwa na tatizo tunapokigeukia kile kitanzu cha masimulizi ya kompyuta kilichoshamiri kati ya miaka ya themanini na mwisho wa miaka ya tisini, yaani michezo ambayo mchezaji huiendeleza hadithi kwa kubofya watu na vitu kwenye skrini. Humo hadithi haisongi mbele mpaka fumbo lifumbuliwe. Je, fumbo likishafumbuliwa, hubakia nini cha kurejelewa? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuzingatia The Secret of Monkey Island (1990), Gabriel Knight 3 (1999) na Return to Monkey Island (2022). Hoja yetu ni kwamba fumbo huweza kuhakikiwa kikamilifu baada tu ya jibu lake kujulikana, kwa kuwa hapo ndipo hubainika iwapo lilikuwa sehemu ya maana ya kazi au kizuizi kilichotupwa njiani.

Fasihi simulizi inatupa kielelezo kinachofaa. Anayeshindwa kukitegua kitendawili hudaiwa mji, na akishautoa huambiwa jibu. Hata hivyo, kitendawili hakifi kwa kuteguliwa. Hadhira hutegana vilevile ilivyovitegua jana, kwa sababu ladha yake imo pia katika kuona tena jinsi taswira na jibu zinavyooana. Kitendawili dhaifu ni kile ambacho jibu lake, hata likitajwa, huwaacha watu wakitazamana. Katika michezo tunayoizungumzia, mji ulitozwa kwa fedha: kampuni za Sierra na LucasArts ziliuza vitabu vya vidokezo na kuendesha laini za simu za kulipia kwa ajili ya waliokwama.

Ron Gilbert, mbunifu mkuu wa The Secret of Monkey Island, aliandika mwaka 1989 makala yaliyosisitiza kwamba mafumbo yanapaswa kuisukuma hadithi mbele. Kazi aliyoitoa mwaka uliofuata, akishirikiana na Tim Schafer na Dave Grossman, inaidhihirisha kanuni hiyo. Mhusika mkuu, Guybrush Threepwood, ni kijana anayetamani kuwa haramia. Ili afuzu, sharti amshinde bingwa wa upanga, lakini mapigano ya upanga katika ulimwengu huu huamuliwa kwa matusi na majibu ya matusi. Guybrush huyajifunza kwa kushindwa: tusi lililomshinda leo hulitumia kesho dhidi ya haramia mwingine, naye akijibiwa vyema hulihifadhi jibu hilo. Anapomkabili bingwa, Carla, hukuta kwamba matusi ya mwanamke huyu ni mapya yote. Silaha yake ni majibu yaleyale ya zamani, ila sasa sharti ayapime upya kwa maana.

Anayelirudia pambano hili akiwa na majibu yote kichwani haoni kwamba limepwaya. Kinyume chake, hugundua kwamba kila jibu lilitungwa ili lioane na matusi mawili tofauti, na kwamba dhamira ya kazi nzima, ya kijana anayejifinyanga utu kwa maneno ya kuazima, imejengwa ndani ya fumbo lenyewe. Fani na maudhui hapa havitengani.

Gabriel Knight 3 ya Jane Jensen inatupa mfano wa upande wa pili. Gabriel, akiwa kijijini Rennes-le-Château nchini Ufaransa, anataka kukodi pikipiki kwa kujifanya kuwa rafiki yake Mosely. Mchezaji hulazimika kunasa manyoya ya paka kwa utepe wa gundi, kuyabandika usoni kwa sharubati nzito yawe masharubu, kisha kuichora masharubu picha iliyo kwenye pasipoti ya Mosely, ambaye hana masharubu kamwe. Mwaka 2000 Erik Wolpaw alilitumia fumbo hili kueleza jinsi kitanzu hiki kilivyojiua chenyewe. Marejeo yanamuunga mkono kuhusu fumbo hilo: ukilijua jibu, bado huoni kwa nini mpelelezi mwerevu afanye hivyo. Lakini hukumu hiyo haiwezi kuienea kazi nzima. Humo humo mna fumbo la Le Serpent Rouge, ambalo mchezaji huufasiri utungo beti kwa beti na kuchora maana yake juu ya ramani ya eneo hilo. Huo ni uhakiki wa fasihi uliogeuzwa kuwa tendo, nao hauchujuki kwa kurudiwa.

Yatupasa basi kuyatazama matoleo mapya. Toleo maalumu la Monkey Island la mwaka 2009 liliongeza sauti na michoro mipya, na likamruhusu mchezaji kurejea kwenye sura ya awali kwa kubonyeza kitufe kimoja. Liliongeza pia vidokezo vya bure. Katika Return to Monkey Island, kitabu cha vidokezo kimo mikononi mwa Guybrush mwenyewe. Mji sasa hautozwi. Mwalimu wa fasihi ataikumbuka hapa hali ya mwanafunzi anayesoma mwongozo na kukiacha kitabu teule. Hatari ni ileile: kulipata jibu bila kupita katika njia iliyolipa uzito.

Hata hivyo, Gilbert na Grossman wanalijibu suala hili ndani ya hadithi. Guybrush, sasa mtu mzima, anamsimulia mwanawe visa vyake, na sanduku la siri iliyotafutwa kwa miongo mitatu linapofunguliwa, mna fulana ya ukumbusho tu. Waliolalamika kwamba wamepunjwa walikuwa wakidai jibu. Kazi yenyewe inashikilia kwamba thamani imo katika kusimulia, na kwamba mtoto anayesimuliwa atadai kisa kilekile tena.

Kwa muhtasari, kuirejelea michezo hii si suala la kutamani ujana uliopita. Ni mtihani wa uhakiki, na mtihani huo hauipasishi kila kazi. Palipo na fumbo lililobeba tabia ya mhusika na dhamira ya kazi, jibu likijulikana ndipo usomaji unapoanza. Pasipo na hilo, huwa tumebaki na manyoya ya paka.