Rush: Tamthilia Iliyojengwa Ndani ya Gari

Katika tamthilia nyingi za polisi gari ni usafiri tu: linamfikisha askari mahali, mlango unafunguliwa, hadithi inaendelea nje. Katika Rush gari ndilo jukwaa. Tamthilia hii ya Australia ilianza kurushwa na Network Ten mwezi Septemba 2008, ikamalizika Novemba 2011 ikiwa na sehemu 70. Inakifuata kikosi cha polisi wa Melbourne kiitwacho Tactical Response, kundi dogo la askari wenye silaha na fulana za kuzuia risasi, ambao hawasubiri kituoni kuitwa. Wako barabarani muda wote wa zamu, wawili wawili, redio ikiwa wazi. Waandishi walipokwisha kuamua hivyo, mengine mengi yalijipanga yenyewe: hadithi inavyoanza, kamera inavyoshikwa, watu wanavyosemeshana. Hata kasoro zake kubwa zimetoka humo humo.

Kikosi hicho ni cha kubuni, ila kina mfano wake wa kweli. Polisi wa jimbo la Victoria wana Critical Incident Response Team, maarufu kwa kifupi chake CIRT. Nafasi yake iko katikati. Chini yake yupo askari wa doria wa kawaida, ambaye hufika mapema lakini hana vifaa wala mafunzo ya kukabili mtu aliyejifungia ndani na silaha. Juu yake wapo Special Operations Group, watu wa operesheni nzito, ambao kuwakusanya na kuwapanga kunahitaji muda. Kati ya hao wawili kuna matukio ambayo hayawezi kusubiri na ambayo risasi moja ya haraka itayaharibu: mtu amesimama ukingoni mwa daraja, baba amemshikilia mtoto wake na hataki kufungua mlango, kijana amechanganyikiwa na ana kisu mkononi.

Victoria ilikuwa na sababu ya kuumiza kichwa juu ya matukio ya namna hii. Miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 polisi wake waliwapiga watu risasi na kuwaua kwa wingi uliozusha mjadala mkali jimboni, hata mwaka 1994 ukaanzishwa mpango wa Project Beacon, uliowarudisha askari darasani kujifunza kutuliza kabla ya kufyatua. Hilo halikumaliza tatizo. Desemba 2008, mwaka uleule Rush ilipoanza, askari wa doria walimpiga risasi na kumuua mvulana wa miaka 15 aliyekuwa na visu katika bustani ya Northcote, kaskazini mwa Melbourne. Mtazamaji wa jiji hilo hakuhitaji kuelezwa kwa nini kuna haja ya watu wanaojua kuongea na mtu mwenye kisu. Alikuwa anasoma habari hizo gazetini.

Waliobuni Rush ni Christopher Lee na John Edwards. Edwards hakuwa mgeni wa kazi hii. Mkono wake ulikuwepo katika Police Rescue, tamthilia ya miaka ya 1990 kuhusu waokoaji wa polisi wa Sydney. Nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba hadithi ya polisi inaweza kusimama bila maiti. Melbourne ina mila ndefu ya tamthilia za uchunguzi wa mauaji: Homicide ilianzia huko mwaka 1964, na Rush ilipokuwa hewani, City Homicide nayo ilikuwa ikirushwa na kituo cha Seven kutoka jiji hilohilo. Tamthilia za aina hiyo huanza na mtu aliyekwisha kufa na swali la nani kamuua. Rush huanza na mtu aliye hai na swali la dakika kumi zijazo. Hakuna alama za vidole za kungoja maabara, na mara nyingi mahakama haihitajiki. Mtu akiweka kisu chini, kisa kimekwisha.

Hapo ndipo ufundi unapoanza kuwa mgumu, kwa sababu ushindi wa kikosi kama hiki ni kutotokea kwa jambo. Utaipigaje picha risasi ambayo haikufyatuliwa? Tamthilia za Marekani za vikosi vya silaha hulikwepa swali hilo kwa kuhakikisha risasi inafyatuliwa. Rush, ikiwa katika ubora wake, ilikuja na jibu lingine: ilihamisha hofu kutoka kwenye silaha ikaipeleka kwenye taarifa.

Tazama jinsi sehemu ya kawaida inavyosukwa. Wito unaingia redioni ukiwa mfupi na haujakamilika: mtaa fulani, mtu mmoja, labda ana silaha. Gari linageuza. Kuanzia hapo mpaka kufika kuna dakika moja au mbili za runinga, na ndani ya dakika hizo picha ya tukio inabadilika zaidi ya mara moja. Silaha inathibitishwa au inakanushwa. Inajulikana kwamba ndani kuna mtoto. Jina la mtu linapatikana, na jina linaleta faili lake la hospitali. Mwenye kazi ya kuyaleta haya ni Leon Broznic, aliyeigizwa na Samuel Johnson, ofisa wa taarifa anayebaki makao makuu mbele ya kompyuta zake. Mtazamaji anajua kile tu wanachojua walio garini, kwa wakati uleule, kwa sauti ileile ya redio. Wanapofungua milango, tayari ana wasiwasi wa maana, maana ameuona uamuzi wao ukibadilika njiani.

Gari linafanya kazi ya pili pia. Watu wawili wamefungiwa ndani yake, wanatazama mbele, hawawezi kuondoka, na muda wowote redio itawakatiza. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Josh na Grace, walioigizwa na Callan Mulvey na Claire van der Boom, wana yao ya moyoni, na wanayasema vipande vipande kati ya wito mmoja na mwingine. Sentensi muhimu inaanzwa, king'ora kinawashwa, haimaliziki mpaka baada ya matangazo. Hakuna kinachopangwa pembeni kwa ajili ya mapenzi, wala hakuna haja ya kutafuta baa ambamo askari watakaa kuelezana maisha yao. Na gari halina gharama ya seti.

Kamera inafuata mantiki hiyohiyo. Inashikwa mkononi, inatikisika, mara nyingi iko hatua moja nyuma ya askari kama mtu aliyechelewa kushuka. Mikato ni ya haraka. Wapo watazamaji ambao mtindo huu unawachosha, na katika mazungumzo ya ofisini hata mimi huona mtikisiko hauna kazi yoyote pale. Lakini kwenye korido nyembamba, au kwenye vichochoro vya Melbourne, mwendo huo unaficha jambo ambalo mtayarishaji hataki lionekane: kwamba eneo ni dogo, watu wa kujazia ni wachache na muda wa kurekodi ulikuwa mfupi.

Waigizaji nao walichaguliwa kwa jicho la mtazamaji wa nyumbani. Catherine McClements, aliyekuwa bosi wao Kerry Vincent, alikuwa anajulikana tangu tamthilia ya Water Rats. Rodger Corser, kiongozi wa timu Lawson Blake, alikuwa ametoka kuonekana mwaka huohuo kama askari katika tamthilia ya Underbelly. Sura kama hizo hazihitaji kutambulishwa, na katika tamthilia isiyo na muda wa utambulisho, hiyo ni nafuu kubwa.

Sasa uzito wa ratiba. Sheria za utangazaji za Australia zilizibana televisheni za biashara zijaze asilimia 55 ya muda kati ya saa kumi na mbili asubuhi na usiku wa manane kwa vipindi vya nyumbani, pamoja na kiwango maalumu cha tamthilia mpya. Kununua tamthilia ya Marekani ni rahisi kuliko kutengeneza yako, kwa hiyo ukishapata ya nyumbani inayotazamwa, unaikamua. Msimu wa kwanza wa Rush ulikuwa na sehemu 13. Wa pili ukapewa 22, wa tatu 22 tena, kisha wa nne ukarudi 13. Kila sehemu ikihitaji zaidi ya tukio moja, hesabu inakwenda haraka kuliko matukio ya kuaminika ya jiji moja.

Dalili zake zinaonekana. Matukio yanaanza kuwaangukia askari wenyewe: jamaa zao, wapenzi wao, maadui wa zamani. Kikosi kilichobuniwa ili kukutana na wageni kinaanza kukutana na watu kinaowajua, na ile hofu ya kutojua nani yuko nyuma ya mlango inapungua. Leon naye anageuka mganga. Taarifa ambayo katika hali halisi ingemtaka mtu apige simu ofisi tatu, yeye anaipata kwa sekunde chache za kubonyeza, na ukosefu wa taarifa, ambao ndio uliokuwa ukisukuma hadithi, unatibiwa kabla haujauma. Alipoingia Jolene Anderson msimu wa pili kama Shannon Henry, timu ilipata nguvu mpya, lakini tatizo la usukaji lilibaki palepale.

Hukumu yangu ni kwamba msimu wa kwanza ni kazi ya mafundi, na iliyofuata ni kazi ya watu hodari waliopewa muda wa kurusha mrefu kuliko hadithi waliyokuwa nayo. Anayeandika tamthilia ya polisi kwa bajeti ndogo aanze na hizo sehemu 13 za mwanzo, aketi na kalamu, aandike kila taarifa mpya inaingia dakika ya ngapi na nani anaisema. Asijishughulishe na bunduki.