Zaburi Isiyo na Funzo

Daftari langu la Biblia lilikuwa na safu tatu: mstari, funzo, la kutenda. Ndivyo tulivyoelekezwa kwenye kikundi cha Biblia chuoni. Miaka yote ya shahada ya kwanza nilijaza safu hizo kila alfajiri, na sikumbuki siku niliyokosa funzo.

Siku hiyo ilikuja nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamili, wiki mbili baada ya kumzika mdogo wangu. Ratiba ya usomaji ilinifikisha Zaburi ya 88. Nilinakili mistari yote 18 kwa mkono, nikangoja funzo. Halikuja.

Nilidhani ni uchovu. Nikafungua Zaburi ya 13, ambayo nayo ni kilio. Lakini ndani ya mistari 6 tu mshairi ameshatoka kwenye malalamiko na kuanza kuimba. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka hivyo. Ya 88 haigeuki. Msemaji anamlilia Mungu usiku na mchana, anamuuliza kama wafu wanaweza kumsifu, anamlaumu kwa kumtenga na rafiki zake, kisha wimbo unaishia gizani. Nilikuwa nimeusoma mara kadhaa bila kuliona hilo. Macho hurukaruka, mkono unaonakili hulazimika kupita kila neno.

Siyadharau madaftari ya safu. Yalinipa nidhamu, na bila nidhamu hiyo nisingeketi mezani alfajiri ile. Kosa lake ni kuamua, kabla hatujasoma, kwamba kila andiko ni somo. Kilio kikiingia kwenye safu ya funzo hutoka kikiwa ushauri: vumilia, Mungu ana mpango. Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia sana msibani.

Wapo watakaosema zaburi hii isomwe pamoja na Biblia nzima, yenye matumaini tele. Sawa. Lakini ndani ya kitabu hichohicho imeachwa na mwisho wake, bila mstari wa shukrani wa kuifunika. Kama Maandiko yanaweza kuuvumilia mwisho huo, daftari langu linashindwaje?

Siku hizi nanakili kwanza, kisha naandika swali, nikiwa nalo. Kwenye ukurasa wa Zaburi ya 88 safu ya funzo bado iko tupu. Kwenye la kutenda niliandika: mpigie mama, usimpe mstari, msikilize.