Sifa za Mwosha Seli

“Yeye ni O, mimi ni O, nitoeni damu.” Ndivyo wanavyosema ndugu wa mgonjwa, wakidhani maneno yamekwisha. Makundi hayo ya damu aliyabaini Karl Landsteiner kule Vienna mwaka 1901, lakini seli nyekundu ina alama nyingine tele: Kell, Duffy, Kidd. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, au mama aliyekwisha kuzaa, huenda mwili wake umejiwekea kingamwili dhidi ya mojawapo.

Kingamwili nyingi za aina hii hujibandika kwenye seli kimyakimya bila kuzishikanisha. Krosmachi, yaani kupatanisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa, ikifanywa kwa maji ya chumvi peke yake, kama hospitali nyingi za kwetu zinavyoishia, haizioni. Mwaka 1945 Coombs, Mourant na Race walieleza njia ya kuzifichua: seli za mtoaji huchanganywa na plazma ya mgonjwa, huwekwa kwenye nyuzijoto 37, huoshwa, kisha hudondoshewa dawa inayonasa kingamwili za binadamu. Seli zilizobandikwa hushikana mabonge.

Mimi nasifu kule kuosha, kazi ambayo hakuna anayepewa cheti kwa ajili yake. Tia maji ya chumvi, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga, tikisa, rudia mara tatu au nne. Plazma kidogo ikisalia, kingamwili zilizomo huimaliza dawa kabla haijazifikia seli. Tyubu hutoka safi, na usafi huo ni uongo. Kwa hiyo fundi wa maabara haamini “hapana” yake mwenyewe. Kila tyubu isiyoonyesha kitu huiongezea seli zinazojulikana kuwa zimepakwa kingamwili. Hizo nazo zisiposhikana, jibu ni batili, aanze upya. Ni kazi ngapi zinazomdai mtu athibitishe kwamba kweli alitazama pale aliposema hakuona kitu?

Halafu wodini wanapiga simu: damu iko wapi? Wana haki. Mama anayevuja damu hawezi kungoja, na daktari akiamua, hutolewa O hasi kabla kipimo hakijakamilika. Mfuko wa damu ukishatoka, fundi hafungi daftari. Anaendelea kuosha seli kutoka mfuko uleule, na akikuta bonge, zamu ya kupiga simu ni yake.