Kontena la Watu Arobaini

Mfanyabiashara wa Kariakoo akimpigia simu wakala wa mizigo, huwa ana maswali mawili: CBM moja, yaani mita moja ya ujazo, ni dola ngapi, na mzigo utafika lini. Ni maswali ya haki. Mtaji wake umelala huko, na Idi au kufunguliwa kwa shule hakumsubiri mtu. Lakini nyuma ya bei hiyo na tarehe hiyo kuna kazi ya mikono ambayo wengi wanaoilipia hawajawahi kuiona. Ni kazi ya wapangaji wa ghalani Guangzhou, China, wanaopokea mizigo ya watu thelathini au arobaini wasiojuana, wakaiingiza yote ndani ya kontena moja, nayo ikashuka Dar es Salaam ikiwa nzima.

Kazi inaanzia kwenye mlango wa ghala, kwa futikamba na mizani. Lori la kiwanda linashusha katoni, na mpokeaji anapima urefu, upana na kimo. Robota la nguo analipima pale lilipotuna, maana tumbo lake ndilo litakalochukua nafasi. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12. Katoni ishirini za namna hiyo ni CBM 2.4, na kwa meli mteja atalipia hizo. Akitaka zipande ndege, hesabu inageuka. Mashirika ya ndege huchukua ujazo kwa sentimita na kuugawa kwa 6,000, kisha hulinganisha jibu na uzito wa mizani na kutoza ule ulio mkubwa. Katoni yetu ikiwa na kilo 15 kwenye mizani, kwa ndege italipiwa kilo 20. Zote ishirini zina kilo 300, lakini ankara itasema 400. Mpokeaji anayejua kazi yake humweleza mteja jambo hili kabla fedha haijatoka mfukoni.

Humweleza pia mzigo upi unastahili njia ipi. Sampuli za bidhaa huenda kwa kampuni za vifurushi vya haraka. Kifaa cha mashine iliyosimama, au gauni ambalo soko lake litapoa mwezi ujao, lipande ndege hata kama ni ghali, kwa sababu ndege inahesabu siku na meli inahesabu wiki. Betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake, pamoja na zile za kubeba za kuchajia simu, zimepigwa marufuku kusafirishwa kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, kwa hiyo anazitenga mapema na kuuliza karatasi zake. Mzigo ukifika CBM kumi na tano hivi, humshauri mteja alinganishe bei na kukodi kontena zima la futi 20, ambalo kwa vitabu lina CBM 33, ingawa ukilipanga kwa kweli hupati zaidi ya 28. Chini ya hapo, kontena la kuchangia ndilo linalomfaa mwenye mtaji mdogo. Na katika kontena la kuchangia ndipo ufundi unapoonekana.

Chukua taili za mji wa Foshan. CBM moja ya taili ina uzito wa kama tani mbili, kwa hiyo ukijaza kontena la futi 20 taili tupu, unafika kikomo cha uzito wakati nusu yake ya juu ni hewa. Chukua upande wa pili mabegi, nywele za bandia na vyombo vya plastiki: vinajaza kontena mpaka darini na mizani haishtuki. Kila mmoja akisafiri peke yake analipia kitu asichokitumia. Mpangaji anawakutanisha. Ndani ya kontena refu la futi 40, lenye CBM 76 kwa vitabu, anaweka CBM chache za taili sakafuni na kupandisha plastiki na mabegi juu yake, na wote wawili wanapata nafuu ambayo wasingeipata peke yao.

Kabla ya katoni ya kwanza kuingia, analikagua kontena tupu. Anaingia ndani, anamwambia mwenzake afunge milango, kisha anasimama gizani akitafuta nukta za mwanga kwenye paa na kuta. Panapopita mwanga patapita maji. Ananusa, kwa sababu kontena lililobeba ngozi au dawa litaambukiza vitambaa harufu hiyo. Anapapasa sakafu akitafuta misumari na mafuta.

Kisha wanaanza kupanga kutoka ukuta wa mbele kuja mlangoni, safu baada ya safu. Vizito vinakaa chini na kutawanywa, ili upande mmoja wa kontena usizidi mwingine likinyanyuliwa na winchi. Taili na vioo husimamishwa kwa ukingo, havilazwi. Katoni hupishanishwa kama mwashi anavyopishanisha matofali, kila moja ikikalia mshono wa mbili za chini, ili safu isipasuke njiani. Marobota laini yanasukumwa kwenye mapengo na kuzuia vigumu visigongane. Vyenye majimaji havipandi juu ya nguo hata kama nafasi iko huko tu. Kreti ya mbao haiingii bila muhuri unaoonyesha kwamba mbao zake zilipashwa moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wa miti wasivuke bahari pamoja na mashine.

Uangalifu wote huu una sababu, na sababu yenyewe ni safari. Kutoka bandari ya Nansha au Shekou meli inapita Bahari ya China Kusini na mlango wa Malaka, na mara nyingi kontena linashushwa na kupakiwa meli nyingine Singapore, Port Klang au Colombo kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi. Katika safari hiyo linayumba mchana na usiku. Hewa ya ndani inapata joto na kupoa, unyevu unageuka matone kwenye bati la paa, unadondoka. Ndiyo maana mpangaji hutundika mifuko ya kunyonya unyevu na kufunika safu ya juu kwa maboksi yaliyokunjuliwa. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na bila hiyo katoni za vitenge hufika zina ukungu.

Kwangu mimi safu ya mwisho ndiyo kipimo cha fundi. Wapakiaji wamechoka, dereva wa trela anaangalia saa, na pengo lililobaki mlangoni halilingani na katoni yoyote iliyo chini. Mpangaji anarudi nyuma hatua kadhaa, anatazama, kisha anaamuru katoni sita zitolewe. Anazigeuza upande, anaingiza robota moja la mito katikati, na ile safu inasimama wima na kubana. Anaifunga kwa kamba kwenye pete za ukutani. Anafanya hivyo kwa ajili ya mtu asiyemjua, kijana wa bandari kavu Dar es Salaam atakayefungua mlango ule wiki nyingi baadaye na ambaye hapaswi kuangukiwa na mzigo. Baada ya hapo ni picha: kontena tupu, nusu, likiwa limejaa, na mlango uliofungwa ukionyesha lakiri pamoja na namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba.

Pwani yetu inaujua ufundi huu tangu zamani. Mabaharia wa majahazi walipanga boriti na tende kwa kufuata uzito, wakatia farumi chombo kikiwa chepesi, wakaepusha shehena na maji ya ngama. Mwaka 1956 Malcom McLean wa Marekani alipopakia masanduku 58 ya alumini kwenye meli Ideal X, kutoka Newark kwenda Houston, kazi ya kupanga mzigo mmoja mmoja ilianza kutoka bandarini kuelekea maghalani. Huko haionekani sana, lakini haikupungua ugumu.

Hata jukumu liliongezeka. Kontena la watu arobaini lina tamko moja la kueleza kilichomo, na mmoja akiandika "vyombo" kumbe ameficha vipodozi vilivyokatazwa, forodha inaweza kuzuia kontena zima huku gharama za hifadhi zikipanda kwa watu thelathini na tisa wasio na kosa. Kwa hiyo mpangaji mwema hufungua katoni anayoitilia shaka, hata mwenye mzigo akinuna. Na huandika orodha yake safu kwa safu, alama ya mteja na idadi, ili mama mwenye katoni nne asirudishwe nyumbani na tatu.

Basi ukiuliza bei ya CBM, uliza pia nani anapanga na kama utaletewa picha. Andika alama yako kwenye pande zaidi ya moja za katoni. Sema ukweli wa kilichomo. Tofauti ya dola chache kwa CBM ni ndogo kuliko hasara ya katoni moja iliyolowa au wiki tatu za kungoja bandarini. Ukimpata mpangaji wa namna hii, mlipe anachostahili na ubaki naye.