Jaribio ambalo Ariane 5 haikufanyiwa

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya kwanza ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za kisayansi za mradi wa Cluster. Sekunde 37 hivi baada ya injini kuu kuwashwa, ikapinda ghafla, ikaanza kumeguka, na mfumo wake wa usalama ukailipua ikiwa kwenye kimo cha mita 3,700 hivi. Kisa hiki husimuliwa kila mara kama kisa cha namba kubwa iliyolazimishwa kuingia kwenye nafasi ndogo. Ni kweli, lakini hapo ndipo pa mwisho katika mlolongo mrefu. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions, iliyotolewa Julai mwaka huohuo, inaonyesha kwamba kosa lilianzia kwenye waraka wa masharti ya programu, na kwamba uigaji wa maabara ungeweza kulifichua kabla roketi haijatolewa nje.

Kisanduku kinachohusika kiliitwa SRI. Kazi yake ilikuwa kupima mwendo na mwelekeo wa roketi na kuipa kompyuta kuu taarifa hizo ili iamue injini zielekee wapi. Vilikuwapo viwili, kimoja kikifanya kazi na kingine kikisubiri, vyote vya aina moja na vyenye programu ileile. Programu hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, ilichukuliwa karibu yote kutoka Ariane 4, roketi iliyokuwa imekwisha kujijengea sifa.

Ndani yake kulikuwa na kazi moja ya kulisawazisha jukwaa la vipimo kabla ya kuruka. Roketi ikishaondoka, kazi hiyo haina maana tena. Hata hivyo iliachwa iendelee kwa sekunde 40 hivi hewani, na sababu yake ilikuwa ya busara kwa wakati wake: kwenye Ariane 4, kama hesabu ya kuruka ikisimamishwa sekunde chache kabla ya mwisho, usawazishaji usingehitaji kuanzwa upya na kula dakika 45 au zaidi. Uwezo huo ulitumika mara moja tu, mwaka 1989, katika safari ya 33. Ariane 5 ilikuwa na utaratibu mwingine wa kuruka na haikuuhitaji kabisa. Sharti likabaki kwa sababu hakuna aliyetaka kugusa programu inayofanya kazi.

Kazi hiyo ilikokotoa thamani inayohusiana na kasi ya mlalo, kisha ikaibadilisha kutoka namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Wahandisi walikuwa wameziona thamani saba zilizo katika hatari ya kufurika. Nne waliziwekea kinga. Tatu waliziacha wazi, kwa kuwa kompyuta ya SRI ilipangiwa isizidi asilimia 80 ya uwezo wake na kila kinga ilikuwa na gharama. Kwa njia ya Ariane 4, thamani hii ya kasi ya mlalo, mojawapo ya zilizoachwa wazi, isingefika kikomo kamwe. Ariane 5, ambayo iliongeza kasi yake ya mlalo kwa haraka mara tano zaidi, ilikuwa habari nyingine.

Je, hawakujua njia ya roketi yao wenyewe? Walijua. Ripoti inasema pande husika zilikubaliana kutoziingiza takwimu za njia ya Ariane 5 katika masharti ya SRI. Ni sawa na fundi kumshonea mtu suruali kwa vipimo vya kaka yake, mwenyewe akiwa amesimama mbele yake. Kwangu mimi hilo ndilo kosa lenyewe. Kila mhakiki aliyefuata angeweza kuipitia programu mstari kwa mstari, akailinganisha na masharti na kuiona ni safi, kwa kuwa waraka haukuwa na kitu cha kuupinga msimbo.

Na majaribio ya kuigiza yalikuwapo. Kulikuwa na maabara kamili ambamo kompyuta kuu ya roketi iliendeshwa katika mzunguko uliofungwa: inatoa amri, modeli ya roketi inajibu, vipimo vinarudi, amri mpya inatoka. Ila SRI halisi haikuwekwa kwenye mzunguko huo. Mahali pake palikaa modeli ya kompyuta iliyoiiga. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi. SRI ilihesabiwa kuwa imeshathibitishwa kama kifaa. Vifaa vya maabara havikuweza kuzalisha mawimbi ya majaribio yenye usahihi wa kutosha. Kisanduku halisi kilirudia hesabu zake kila milisekunde 1 huku maabara ikirudia zake kila milisekunde 6. Tena hitilafu za makusudi hazikuweza kuigizwa kwenye kifaa cha kweli, ila kwenye modeli tu.

Kila sababu ikisimama peke yake inakubalika. Zikijumlishwa, zinaacha kitu kimoja bila mlinzi: modeli iliigiza kile ambacho watu walidhani SRI inafanya, na haikuwa na habari ya ubadilishaji ule wa namba. Modeli isiyofurika haiwezi kukuonyesha mfuriko.

Ripoti inaeleza pia jaribio lililokosekana, na si la ajabu. SRI halisi ingewekwa juu ya meza inayozunguka ili kuigiza miendo ya roketi, huku ikilishwa mawimbi ya mchapuko yaliyokokotolewa kutoka njia iliyotarajiwa ya Ariane 5. Tume ilisema wazi kwamba jaribio hilo lingefichua hitilafu. Mimi naongeza kwamba hata meza hiyo haikuwa lazima mwanzoni. Msimbo wa Ada ukiendeshwa kwenye kompyuta ya mezani, ukilishwa sekunde 40 za njia mpya, ungesimama wenyewe palepale. Kilichokosekana ni sharti linalosema njia hiyo ni ipi.

Kulikuwa na sharti jingine lililokaa vibaya: likitokea kosa lolote lisilotarajiwa, SRI ilipaswa kutangaza hitilafu, kuhifadhi hali yake na kuzima kichakataji chake. Hilo linafaa pale chipu moja inapoharibika kwa bahati mbaya, kwani kisanduku cha pili kitapokea kazi. Programu inapokosea, visanduku viwili hukosea pamoja. Kile cha akiba kilikufa kwanza, milisekunde 50 hivi kabla ya mwenzake. Kile kilichokuwa kazini kilituma data ya uchunguzi wa hitilafu, kompyuta kuu ikaisoma kama taarifa za safari, ikaamuru nozeli zipinde hadi mwisho kusahihisha mkengeuko ambao haukuwapo. Roketi ikapigwa na hewa kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 20, ambayo haikujengwa kuihimili.

Baada ya ajali, uigaji uliofanywa kwa kutumia programu ya SRI na mwendo halisi wa safari ile ulirudia mlolongo wa matukio hadi SRI zote mbili kushindwa.

Safari ya pili ilifanyika tarehe 30 Oktoba 1997, baada ya programu na masharti kupitiwa upya. SRI hazikuleta matatizo. Lakini mtiririko wa gesi kwenye nozeli ya injini ya Vulcain uliizungusha roketi kuliko ilivyotarajiwa, mafuta yakasogea ukutani mwa tangi, vipimo vikaonyesha kwamba yamekwisha, na injini ikazimwa kabla ya wakati. Mzigo ukaishia kwenye mzingo wa chini kuliko uliopangwa. Safari hii kilichokuwa tofauti na hali halisi hakikuwa ndani ya programu. Kilikuwa kwenye makadirio ya injini ambayo majaribio yaliegemea.